Aliyeshika Orodha

Koroboi ya jikoni kwetu Miembeni ilikuwa na herufi tatu ubavuni, zimesimama kichwa chini: USA. Fundi aliyeitengeneza, karibu na soko kuu la Bukoba, hakujali maandishi yataelekea wapi. Alijali bati. Bati la makopo yale lilikuwa zuri, halikushika kutu upesi, na ukilinusa kwa ndani bado lilitoa harufu ya mafuta ya kula. Alikata duara la kitako, akakunja ubavu, akalehemu shingo nyembamba ya kupitishia utambi, na kwa shilingi chache ukarudi nyumbani na taa. Mwaka 1995 jirani zetu wengi walikuwa nazo. Uani, banda la kuku la mama lilizuiliwa mvua kwa kipande cha turubai chenye herufi nyingine: UNHCR.

Sisi watoto tulijua vitu hivyo vilikotoka. Vilitoka "kwa wakimbizi", yaani Ngara, mwendo wa kutwa nzima kupita Muleba na Biharamulo kwa barabara ya vumbi. Mafuta, unga wa njano, maharage, mablanketi ya kijivu, masufuria, vyote vilishuka kwenye mabasi vikiwa vimefungwa pamoja na mikungu ya ndizi na kuku wa watu. Hakuna aliyeshangaa. Mshangao ulinijia ukubwani, nilipojiuliza jambo dogo tu: mafuta yaliyonunuliwa kwa kodi ya mkulima wa Marekani ili yaingie kinywani mwa mtoto wa kambi ya Benaco huko Ngara, yalipitaje hadi kopo lake likawa taa yetu? Na pale katikati, nani alipokea hela?

Sehemu ya jibu haina ubaya wowote. Mkimbizi aliyepewa mahindi na maharage siku baada ya siku alihitaji pia chumvi, sabuni, ndizi, kuni, na kitambaa cha kumbebea mtoto. Aliuza kikombe cha mafuta akanunua chumvi. Mimi nisingefanya tofauti. Lakini vikombe vya akina mama waliochoka kula mahindi havijazi mabasi. Mali iliyofika Bukoba ilifika kwa magunia na kwa makatoni, na magunia yana mwenyewe.

*

Turudi nyuma, hadi mpakani Rusumo. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza usiku uleule. Mto Kagera, ambao sisi wa mkoa huu tumechukua jina lake, ukaanza kubeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mama aliacha kununua samaki. Hakutueleza sababu, alisema tu kwamba mwezi huu tutakula maharage.

Kisha, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) halikuwa limewahi kuona umati mkubwa hivyo ukivuka mpaka kwa kasi ile. Walipelekwa mahali palipoitwa Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Ndani ya siku chache Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa Kagera, Bukoba ikiwemo.

Wengi katika umati ule hawakuwa Watutsi waliokuwa wakichinjwa. Walikuwa Wahutu wanaokimbia majeshi ya waasi wa RPF yaliyokuwa yanasonga mbele, na ndani yao walikuwamo waliochinja. Tena hawakuja ovyo ovyo, kila mtu na lake. Walikuja komuni kwa komuni, sekta kwa sekta, viongozi wao wakiwa mbele. Walipanga vibanda kwa mpangilio uleule wa nyumbani: wa komuni ya Rusumo huku, wa Murambi kule. Utawala wa komuni uliokuwa umesimamia mauaji ulivuka mto ukiwa na safu zake zote, ukakaa chini kwenye kilima cha Tanzania kusubiri chakula.

Sasa jiweke mahali pa mfanyakazi wa shirika la misaada anayefika na malori ya kwanza. Mbele yako kuna robo milioni ya watu wenye njaa, huijui lugha yao, huna hata meza ya kuandikia, na mvua inanyesha. Unauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kiongozi wenu nani? Anajitokeza mtu nadhifu, anazungumza Kifaransa kizuri, ana karatasi mkononi. Karatasi ina majina ya watu wake. Unashusha pumzi, maana kazi ya siku tatu imekwisha kwa dakika tatu.

Mmoja wa watu wa namna hiyo Benaco alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, au burugumesitiri kama walivyomwita wenyewe. Siku chache tu kabla ya kuvuka daraja alikuwa ameongoza mauaji ya maelfu ya watu waliojificha katika parokia ya Nyarubuye. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, aliyetoka kuziona maiti za Nyarubuye, alimfuata Benaco akamkuta kambini akiwa bado ni kiongozi wa watu wake, akamhoji mbele ya kamera. Miaka saba ilipita kabla hajakamatwa katika kambi nyingine ya wakimbizi, Kigoma, mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya 2006 ikaifanya adhabu hiyo kifungo cha maisha.

Nataka tuitazame ile karatasi kwa karibu, maana kitabu hiki kizima kinaizunguka. Chukua mfano wa kubuni. Kiongozi ana watu 1,000, anaandika 1,300. Kila jina linapata kama nusu kilo ya mahindi kwa siku. Majina 300 ya hewa yanampa kilo 150 kila siku, kilo 4,500 kwa mwezi: magunia 45 ya kilo mia. Bado hatujahesabu maharage na mafuta. Bado hatujahesabu kile anachokata kwenye mgao wa wale 1,000 walio hai, akikiita kodi au mchango. Kwa magunia hayo analisha vijana wake, na vijana walioshiba wanalinda karatasi. Mjane anayenong'ona kwamba anataka kurudi Rwanda, jina lake linafutwa. Asiyekuwamo kwenye orodha hali. Hapo huhitaji bunduki ili utawale.

Mashirika hayakuchukua muda kulitambua hilo. Juni 1994 ulifanyika mpango wa kumwondoa Benaco mtu mwingine, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Murambi na ambaye jina lake lilikuwa likitajwa na kila shahidi. Umati wa maelfu, wenye mapanga na marungu, uliwazingira wafanyakazi wa misaada. Polisi walifyatua risasi hewani. Huduma zilisimama. Gatete hakupelekwa mahakamani mwaka ule. Alikuja kukamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002, na hukumu yake ya mwisho, miaka 40, ilitoka 2012.

Siku ile ndipo ilipodhihirika nani alikuwa mwenyeji pale Benaco na nani alikuwa mgeni.

*

Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungasha virago. Liliondoka kambi za Zaire mwezi Novemba na za Tanzania mwezi Desemba, likisema halitakubali dawa na chakula chake viwanyanyue wauaji. Aliyekuwa akiliongoza upande wa Tanzania, Fiona Terry, aliandika baadaye kitabu juu ya mkanganyiko huo, na mwaka 2002 kilipotoka kiliwasha mjadala ambao haujazimika. Mashirika mengine yalibaki. Yalisema kwamba katika kila watu kumi kambini walikuwamo watoto wasiojua lolote, na mtoto hawezi kuadhibiwa kwa kosa la burugumesitiri wake.

Nimesoma hoja za pande zote mbili kwa miaka mingi na sijaweza kumlaumu aliyebaki. Aliyeondoka naye alifanya jambo la heshima, ila heshima hiyo aliweza kuimudu kwa sababu alijua wengine watabaki kupika uji. Ninaowalaumu hawakuwahi kufika Ngara. Hao ni wakuu wa mataifa yenye majeshi, waliotoa fedha kwa sababu kutoa fedha ni rahisi kuliko kutoa askari. Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizunguka akiomba nchi zichangie kikosi cha kuwatenga wauaji na raia makambini. Nchi kadhaa zilipokea ombi. Iliyokubali ni moja. Wakati huohuo, kuanzia Aprili hadi Desemba 1994, dunia ilitumia takriban dola bilioni 1.4 kwa misaada ya dharura ya Rwanda na wakimbizi wake. Tathmini kubwa ya pamoja iliyofanywa na wafadhili wenyewe, ikatolewa 1996, ilikiri hivyo bila kupepesa: unga uliletwa mahali palipohitaji uamuzi wa kisiasa.

*

Kama ningeishia Benaco, msomaji angeweza kuhitimisha kwamba msaada huzaa vita, basi. Vitabu vya namna hiyo vipo vingi. Lakini tuna bahati mbaya ya kuwa na jaribio la pili, lililofanyika mwaka uleule, kwa watu walewale, kwa mahindi yaleyale.

Julai 1994, RPF ilipoikamata sehemu kubwa ya nchi, karibu watu milioni moja walimiminika Goma, Zaire, kwa siku chache. Kipindupindu kilikuta watu wamelala juu ya mawe ya volkeno, mahali pasipochimbika choo wala kaburi, na maiti zilihesabika kwa makumi ya maelfu. Kambi zikajengwa: Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo. Huko hawakuvuka viongozi wa komuni peke yao. Lilivuka jeshi zima la zamani, likiwa na silaha, magari na fedha za benki kuu. Orodha zilikuwa zilezile, magunia yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni mwenye nchi.

Zaire ya Mobutu ilikuwa rafiki wa waliokimbia, na askari wake walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Sadako Ogata, aliyekuwa mkuu wa UNHCR, alifika mahali pa kuwalipa askari 1,500 wa Zaire ili walau wafanyakazi wake wasiuawe. Jeshi la zamani la Rwanda likawa linafanya mazoezi mita chache kutoka foleni ya maziwa ya watoto, na usiku linavuka mpaka kuua. Rwanda ikaonya, ikaonya tena, na Oktoba 1996 ikaingia. Kambi zilivunjwa kwa mizinga. Waliorudi Rwanda walirudi, waliokimbilia msituni walifuatwa msituni, na vita vilivyoanzia kwenye kambi zile vilimng'oa Mobutu Mei 1997, kisha vikazaa vita vingine vilivyoburuza nchi jirani nyingi. Watu wa Kivu, kuzunguka Goma, wanaishi ndani ya mkia wa vita hivyo hadi leo.

Ngara haikuwa hivyo. Wauaji walikuwapo, kodi za magunia zilikuwapo, mauaji ya usiku kambini yalikuwapo. Lakini Ngara haikugeuka kuwa uwanja wa vita, na kutoka Benaco hakukuzuka vita vya kuigawa Afrika. Tanzania ilikuwa na mkuu wa wilaya aliyefika kambini, polisi waliovaa sare za serikali inayotambulika, na jeshi ambalo katika vita vya 1978-79, kwenye ardhi hiihii ya Kagera, lilikuwa limemtoa Idi Amin Kyaka na Mutukula na kumfuata hadi Kampala. Wakimbizi walipovuka Rusumo silaha zao zilirundikwa kando ya daraja. Mapanga, mikuki, marungu. Picha zake zipo. Kilima kile cha vyuma pale mpakani, kwa maoni yangu, kiliokoa watu wengi kuliko malori yote yaliyofuata, na hakikugharimu mfadhili hata senti.

Wachumi wamejaribu kuliweka jambo hili kwenye takwimu za dunia nzima. Mwaka 2014 Nathan Nunn na Nancy Qian walichapisha utafiti uliosema kwamba msaada wa chakula wa Marekani unaongeza vita vya ndani katika nchi zinazoupokea. Uligonga vichwa vya habari. Miaka michache baadaye Paul Christian na Christopher Barrett wakaonyesha kwamba hesabu ile ilidanganywa na mielekeo ya muda iliyokwenda sambamba kwa bahati tu. Mimi si mchumi. Ila ukiuliza swali kwa kuchanganya Goma na Ngara kwenye kapu moja na kutafuta wastani, utapata nchi ambayo haipo.

*

Kuna ugomvi mwingine ambao hauandikwi kwenye takwimu za vita, nao ni wa kwetu.

Tanzania ilikuwa imewapokea Wanyarwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960; wale wa Muyenzi, Ngara, walipewa ardhi wakalima. Mwalimu Nyerere alituzwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu huo, na sisi tulikua tukiuona ukarimu kama sehemu ya uraia. Kwa hiyo mwaka 1994 wanakijiji wa Ngara na Karagwe waligawa viazi na ndizi zao kabla malori hayajafika. Kisha malori yakafika, na mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga.

Mahindi ya msaada yalijaa, lakini mkimbizi wa Rwanda ni mla ndizi na maharage kama Mhaya. Bei ya ndizi, maharage na maziwa ikapanda kwenye masoko ya mkoa. Mwenye shamba kubwa na nguvu ya kulima alitajirika: aliuza mikungu yake kambini, na alipata vibarua wa kikimbizi kwa ujira mdogo kuliko uliozoeleka. Kibarua wa Kitanzania, yule anayeishi kwa kulimia watu, alipoteza ujira wake na wakati huohuo akanunua maharage kwa bei ya juu. Mkunga aliyekuwa akilipwa mshahara mwembamba wa serikali aliacha zahanati ya kijiji akaenda kufanya kazi kambini, na nani angemkatalia? Kilima kilichokuwa na miti mwezi Mei kilikuwa na visiki kufikia Krismasi. Wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliliwa.

Ndipo ukaanza usemi ambao niliusikia hadi Muleba, kwenye msiba wa shangazi, ukisemwa na mzee aliyekuwa hajawahi kufika kambini: "Waitu, mkimbizi ana daktari, mimi nina karatasi ya kununulia dawa dukani." Wafadhili walisikia, na baadaye visima, madarasa na zahanati vilijengwa kwa ajili ya wenyeji. Vilisaidia, na baadhi vinatumika hadi leo. Lakini vilikuja vikiwa vimechelewa, na tayari neno "mkimbizi" mdomoni mwa watu wetu lilikuwa limebadilika ladha.

Bunduki pia zilibaki. Kwa miaka mingi basi la kutoka Bukoba kwenda Kahama lilisimamishwa kabla ya mapori ya Biharamulo, abiria wakasubiri magari mengine yafike, kisha msafara ukaondoka ukisindikizwa na polisi wenye silaha. Nimekaa kwenye misafara hiyo nikiwa mwanafunzi. Kila mtu basini alikuwa na jibu moja juu ya majambazi ni akina nani, na jibu hilo halikuhitaji ushahidi. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipowaondoa Kagera maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu, wengine wakiwa wamezaa na kujukuu hapa, wachache walipiga kelele. Nadhani ule ukimya ulipandwa 1994, kwenye foleni ya mgao ambayo sisi hatukuwa na kadi yake.

*

Baba yangu mdogo aliendesha lori la kubeba chakula cha wakimbizi kwa miaka miwili na zaidi. Ndiye aliyetuletea lile turubai la banda la kuku. Nilimwendea nilipokuwa naandika sura hii. Amezeeka, anaishi Muleba, ana migomba yake na kahawa kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile kalamu yako?"

Nilimuuliza magunia yalikuwa yakipokewaje. Akasema ukifika unapewa watu wa kushusha, wanashusha, wanahesabu kwa sauti kwa Kinyarwanda, halafu anakuja bwana mmoja kusaini karatasi. Kila kambi na bwana wake. Yule wa kwenye safari zake alivaa koti hata jua likiwa kali, na alikuwa na kalamu ya wino mfukoni. Hakuhesabu magunia. Walihesabu wengine, yeye alisaini.

"Uliwahi kumwona akiwapa watu?"

"Mimi nilikuwa dereva. Nikishusha nageuza."

Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Viongozi wa kambi wakawaambia watu wakimbie kuelekea upande mwingine, ndani zaidi ya Tanzania, na tarehe 12 makambi yakaanza kumwagika porini kuelekea mashariki. Jeshi likawazuia, likawageuza. Katika siku zilizobaki za mwezi ule karibu nusu milioni ya watu walirudi kwa miguu kupitia daraja lile la Rusumo. Waliorudi kwa hiari na waliorudi kwa kusukumwa walitembea barabara moja, na mpaka leo wanasheria wanabishana juu ya hilo, wakiwa na haki ya kubishana.

Baba mdogo alikuwa barabarani wiki ile. Alikwama na lori lake tupu siku nzima, kwa sababu watu walijaa lami kutoka ukingo mpaka ukingo, mvua inawapiga, wamejitwisha masufuria, magodoro, wengine milango ya vibanda vyao. Akazima injini, akapanda juu ya kabini na kukaa. Aliwatazama wakipita kwa saa nyingi. Aliwatambua baadhi: vijana waliokuwa wakimshushia mzigo, mama mmoja aliyekuwa akimuuzia chai ya maziwa pale njia panda. Walimpungia mkono.

"Na yule bwana wa kusaini?"

Alinyamaza kidogo, akang'oa jani kavu kwenye mgomba uliokuwa karibu na kiti chake.

"Nilimtafuta," alisema. "Nilikaa pale juu mpaka giza linaingia, namtafuta kwa lile koti lake. Hakupita."